Usipime Mashini Saa ya Misa

Mwanangu Nabintu, mama yangu,

Niko na hasira, na ninakuandikia nayo ikiwa bado moto. Nikingojea ipoe, utakuwa umeshapanda ndege kule Kavumu kwenda masomo ya Kinshasa, na mimi nitabaki hapa Bukavu, Cimpunda, nikisemesha ukuta. Mama yako amelala. Wewe pia umelala, ao unajifanya. Nimekaa kwenye meza ya secrétariat yetu ya kuandikia watu kazi, pale ordinateur, ile mashini yetu, ilikuwa inakaa mpaka leo. Imebaki alama tu, muraba moja safi katikati ya mavumbi, na ni pale nimeweka karatasi.

Mambo ya kula, ya kusali, ya kuheshimu nyumba ya tonton yako utakayekaa kwake, ya vijana wa Kinshasa wenye kutembea kama barabara ni ya baba yao, sitayagusa. Mama yako alishayasema yote. Mengine aliyarudilia mpaka kuku wetu wanaweza kuyafundisha katekisimu. Mimi nitakusemesha juu ya processeur tu, ule moyo wa mashini. Usicheke. Nimefanya kazi mingi katika maisha, nimeendesha camion mpaka Bujumbura na Kampala, nimekula na wakubwa, nimesukuma magari ya wakubwa haohao kwenye matope. Lakini hiki ni kitu kimoja nilichojifunza kwa kuumia mwenyewe, bila mwalimu, na shahidi ni wewe.

Wacha nianze na leo muchana, kwa sababu ni pale panauma.

Nilifungua ile tôle ya kufunika mashini nipulize mavumbi, mbele uifunge ndani ya blanketi kwa safari yako. Kuchungulia kwenye carte mère, ule ubao mukubwa wa ndani, nikaona cavalier imehama. Ile kofia ndogo ya plastiki, ndogo kuliko punje ya muhindi, yenye kuunganisha misumari mbili na kuambia processeur itembee mbio gani. Mimi niliiweka kwa mwendo wa makumi ine. Nimeikuta kwa makumi tatu na tatu, kama siku tuliyoipokea.

Nikakuuliza nani aligusa pale. Ulikuwa unakunja jupe, ile sketi yako, hata macho hukuinua.

"Ni mimi, papa."

"Juu ya nini?"

"Kumbuka abacost, papa."

Basi. Ukaendelea kukunja. Mimi, mutu mwenye kufungua moteur ya diesel na macho yamefungwa, ninajibiwa na koti ya zamani. Nilifikiri unanicheka. Ndipo nikasema yale maneno, kwamba siku hizi watoto wakishapata diplôme d'État ya sekondari wanaanza kusahihisha wazazi hata hawajatoka kwenye kiwanja. Nikasema tena: "Chukua basi mashini yako ya polepole, na wewe uende polepole." Ukachukua jupe, ukaingia chumbani. Kwa chakula ulinipitishia samaki sambaza kwa mukono wa mama yako, kama mimi ni mugeni wa parokia.

Sasa nitakuambia kwa nini ilinichoma, hata kama unaijua hadithi. Unaijua kwa upande wako. Huijui kwa wangu.

Unakumbuka namna mashini ilituingilia. Yule muzungu wa shirika, nilimutengenezea boîte ya gia ya gari yake wakati mafundi wote wa muji walimwambia aitupe ziwani, na siku ya kurudi kwao akaniachia ordinateur kama asante. Ilikuwa muzee tayari. Processeur yake ilikuwa ya makumi sita na sita. Sisi tukafungua secrétariat, wewe kwenye clavier ukiandika, mimi kwenye mulango nikiita watu, na kwa miezi ya kwanza tulikuwa wafalme. Kisha wale wa karibu na soko ya Kadutu wakaleta mashini mupya. Wanafunzi wakaanza kutuhama. Mumoja alikusemea mbele yangu kwamba yetu inatembea sawa mutu mwenye kubeba mukungu wa ndizi kichwani. Nilicheka na yeye. Usiku ule sikula.

Ni pale fundi mumoja wa mashini za mashirika alinieleza. Carte mère inapiga mwendo, processeur inauzidisha mara mbili. Makumi tatu na tatu inafanya makumi sita na sita. Hamisha cavalier kwa makumi ine, processeur itakimbia kwa makumi nane, ileile, bila kununua kingine. Nilielewa mbele hajamaliza kueleza. Mwenye kujua moteur anajua: kila mashini inaachiwa nguvu kidogo nyuma, kiwandani, kwa kuogopa. Nilichokuwa sijui ni kwamba ile nguvu ya nyuma haiachwi bule.

Nikaenda mbio nyumbani. Ona sasa upumbavu wangu. Gari yoyote, mbele ya kuifungua, ninaweka alama na craie, ile chaki, kwenye kila vis, kila skrubu. Ninapigana na vijana wa garage juu ya ile craie. Lakini siku ile, juu nilikuwa na haraka ya kuwa mukubwa mbele ya watu wa soko, sikuchora kitu. Nikatoa cavalier mbili kwa mara moja, zinafanana kama mapacha, nikazirudisha kwa kubahatisha. Moja haikuwa ya mwendo. Ilikuwa ya voltage, ya kuipimia processeur nguvu ya umeme. Nikawasha.

Ile harufu ya kuungua unaikumbuka. Mimi nilisimama pale, mukono juu ya kichwa, kama mutu ameona nyoka na hajui nyoka iko wapi. Ni wewe uliruka ukavuta prise ukutani. Ulipuliza tu ndani, ukanitazama. Na mimi nikakukaripia juu ya kuvuta waya kwa nguvu. Processeur ilipona, sijui kwa sala ya nani.

Kwa hiyo, ya voltage usiiguse. Mutu akikuambia inaruhusiwa, umuombe akuonyeshe kwenye mashini ya kwake. Na mbele ya kuhamisha hata moja, chora zote namna ziko, kisha hamisha moja tu, ungojee uone. Mimi ninaandika hili na aibu ya fundi.

Tulirudilia kwa utulivu. Ikawaka kwa makumi nane, lakini baada ya kazi kidogo écran inaganda. Nikatia kidole kwenye kale karadiateur ka kupoza juu ya processeur, nikakitoa mbio. Hapana ventilateur, hapana feni ya kupuliza! Mimi, mwenye kufundisha vijana wa Bukavu nzima kwamba hakuna gari inapanda mulima bila ventilateur! Tukatoa moja kwenye mashini iliyokufa, tukaifunga na waya. Kisha nikapaka ile pâte nyeupe kati ya processeur na radiateur, nikaipaka kama mutoto wa tajiri anapaka margarine. Ukaniambia, "Papa, ni ya kujaza nafasi, haiko ya kushibisha." Ukafuta, ukapaka nyembamba mpaka karibu haionekani. Ikapoa. Nikasema ni mimi niliona. Siku ile niliambia watu watatu kwamba ni mimi niliona.

Sasa tufike kwa ile Jumapili.

Nilidanganya mama yako kwamba tumbo linauma. Mukaenda misa ya pili, mwote, na Cimpunda yote ikaenda. Nikabaki na mashini. Unajua namna courant ya umeme inakuwa saa ya misa: réchaud zote za kupikia zimezimwa, hakuna mutu anapiga pasi, ampoule inang'aa nyeupe kama salon ya balozi. Nikaipima. Nikaipa hesabu ndefu, nikaifanya ikopi, nikaifanya iandike kurasa kwenye imprimante. Kutoka kwaya ilipoingia, nilikuwa ninawasikia, mpaka mulipotoka, haikukohoa hata mara moja. Nikavaa viatu, nikakuja kuwangojea kwenye mulango wa kanisa. Wengine wanatoka na baraka, mimi ninasimama pale ninatangaza makumi nane. Hata abbé alinipongeza, maskini, hakujua ananipongezea nini.

Ndipo mwanafunzi mumoja, Mugaruka, alikuja tumuandikie kazi yake ya mwisho wa masomo. Kijana mupole, shati moja, kila siku safi. Professeur alikuwa amemupa mpaka kesho yake asubuhi. Nikamwambia akae, kwetu mashini iko ya makumi nane. Wewe ukaniomba tuweke kazi kwenye disquette kila kurasa chache. Nikakujibu kwamba disquette ni ya watu wenye mashini ya kuanguka.

Ukaandika siku nzima. Jua likashuka. Kila mama wa Cimpunda akawasha réchaud yake kwa mara moja. Ampoule ikawa nyekundu kama jicho la mulevi, na mashini ikaganda. Kuiwasha tena, kazi ya Mugaruka ilikuwa imegeuka alama za kichawi, mustari moja wa Kifaransa, mistari kumi ya takataka.

Yule kijana hakunitukana. Angenitukana ningelala vizuri. Alikaa kwenye banc, akaweka mikono kati ya magoti, akasema polepole, "Papa, ananingojea asubuhi." Na mimi nilikuwa ninaeleza courant, ninaeleza viongozi, ninaeleza wamama wenye kupika wote kwa mara moja kama hawana heshima ya kazi ya watu. Ni kwa nyuma nilisikia clavier. Ulikuwa umeshahamisha cavalier kwa makumi tatu na tatu, umetia disquette, umeanza kwa ukurasa wa kwanza. Alichelewa asubuhi, alifokewa, lakini alipokelewa.

Ile siku nilielewa kitu, na nilikielewa na hasira, kama ninavyoelewaka vyote. Kwa mwendo wake wa kiwanda, ile mashini ilikuwa inavumilia courant mubaya kwa sababu ilikuwa na akiba. Mimi nilikula akiba yote, kisha nikaipima saa ambayo haihitaji akiba. Kila kitu kinasimama saa ya misa, Nabintu. Hata mulevi anasimama saa ya misa, mbele ya watu. Upime saa ya kupika.

Na tulifanya hivyo, huwezi kukataa. Tukapata stabilisateur ya kutuliza courant. Tukaweka ventilateur ya kweli, tukarudisha cavalier kwa makumi ine. Wiki nzima tulikuwa tunaiwasha saa ya réchaud, disquette ndani, ninaweka kidole kwenye radiateur. Kipimo kilikuwa chako, ninakukubalia: kama kidole kinavumilia Salamu Maria moja mpaka amina, joto liko sawa. Ikavumilia. Tangu pale haijaanguka. Kwa hiyo leo, kukuta umeirudisha chini bila kuniuliza, ilikuwa kama umechukua kitu kimoja nilichokifanya kwa uzuri, ukakiambia kikae.

Sasa nije kwa abacost, kwa sababu ni wewe uliitaja.

Unaijua kwa kichwa. Ulikuwa mudogo, kila sikukuu unanivuta mukono, "papa, ile ya abacost," kisha unacheka mbele sijafika kwa kuchekesha. Patron wangu alikuwa ananipeleka Kinshasa, mimi chauffeur na mécanicien wake, mara yangu ya kwanza kupanda ndege. Nikashonesha abacost kwa fundi wa Kadutu, kitambaa cha sufu, kizito, doublure ya bitana ndani. Nikaivaa wiki nzima hapa mbele ya safari. Asubuhi, ukungu bado uko kwenye ziwa, watu wanatetemeka, mimi ninapita na foulard shingoni kama gavana. Wanawake walinisalimia ambao hawajanisalimia tena mpaka leo.

Tukashuka Kinshasa. Lile joto lilinikamata kwenye ngazi ya ndege, likanishika kama polisi. Patron akaniambia nifungue vifungo. Nikakataa. Mutu mwenye abacost kama ile hafungui vifungo. Nikasimama kwenye mustari ya wageni, jasho linajaza viatu, na mbele ya watu wote nikaanguka kama gunia. Kuamka, mama mumoja muuza maji ananimwagia ndoo na kuuliza watu kwa Lingala kama huyu muzee wa milimani ana wazazi.

Kila mara ninaimaliza pale, na watu wanacheka. Na kila mara ninamulaumu fundi wa Kadutu kwa kushona nzito sana.

Nimeandika mpaka pale, Nabintu, nikaweka bic chini.

Yule fundi hakukosa. Ile abacost ilikuwa muzuri. Niliipima wiki nzima, ikasimama. Ila niliipimia Bukavu.

Na ile processeur nimeipimia wapi? Hapa, kwenye mulima, madirisha wazi, ventilateur inavuta hewa ya ziwa, tunalala na blanketi mwaka muzima. Nikachukua saa yetu ya kupika, nikafikiri ni saa ya kupika ya dunia yote. Wewe ukaona. Ukasema maneno mbili, na mimi nikakutukana.

Hasira haijaisha. Sasa tu sijui niielekeze wapi. Ninakukasirikia bado, kidogo, juu ya zile maneno mbili. Ungesema, papa, kule ni joto, ile akiba tuliyokula hapa itahitajika kule, na processeur ikiungua kule hakuna ya pili. Ningekataa, ndiyo. Ningepiga meza. Lakini ungesema. Kisha ninajiuliza ni lini nilikuachia nafasi ya kusema kitu kirefu kuliko maneno mbili.

Kwa sababu na wewe pia nilikupimaka saa ya misa. Wageni wakija, ninakuita: Nabintu, kuja useme ile récitation. Umevaa vizuri, umesimama sawa, unasema bila kosa, mimi ninapigiwa makofi yako. Ulipoumwa kichwa mwaka wa examen, ukakaa unalia nyuma ya jiko, nilipita pale. Nilikuona. Nikasema mwenye akili hana kichwa cha kuuma. Nilifikiri ninakuongezea mbio. Uliweza, ndiyo, umefika, kesho unapanda ndege, watu wote wa Cimpunda wanajua ni mutoto wa nani. Lakini sijui ulitumia akiba gani kwa kufika, na hukuniambia, na mimi sikutia kidole nipime joto.

Basi fanya hivi. Iache kwa makumi tatu na tatu. Iache izoee Kinshasa. Utakuta écran kwa tonton yako, kama ilivyopangwa. Uandike kazi zako kwa mwendo ule, na wale watoto wa wakubwa wakicheka mashini yako, wacheke. Mukungu wa ndizi unafika sokoni. Siku utahitaji mbio kweli, kwa kazi, haiko kwa kuonyesha watu, ungojee muchana wenye joto mubaya kuliko yote, courant mubaya kuliko yote, disquette ndani, na wewe mwenyewe umelala vizuri. Hamisha moja. Weka kidole. Sali polepole, usikimbize Salamu Maria kama mama yako akichelewa. Ikikataa, rudisha. Kurudisha hakuna aibu, nimechelewa kujua lile. Wewe ulijua mbele yangu, na uliirudisha hata papa yako akiwa amesimama pale anafoka.

Na wewe mwenyewe, wakikukimbiza kule kuliko unavyoweza, uniandikie. Usiandike maneno mbili. Andika mingi, nitasoma yote, hata Kifaransa kikiwa kirefu. Nitamuomba abbé.

Sasa nikuambie ukweli: nimeinuka, nimefungua blanketi uliyoifunga. Mama yako aliamka, akauliza ninatafuta nini tena ndani ya mizigo ya mutoto. Nikamwambia alale. Nilitia kidole mpaka kwenye cavalier. Iko palepale uliiweka. Nimeitazama, nimefunga tôle, nimekaza vis zote ine.

Ile blanketi nimeitoa, ni nyepesi, kwa barabara ya Kavumu haitoshi. Nimefungua malle yangu ya nguo, nimetoa abacost, nimefunga mashini ndani yake, vifungo vyote, mpaka shingoni. Inaipata sawa, sufu iko nzito, haitagongwa. Hii barua iko katika mufuko wa kushoto.

Ukifika kwenye ngazi ya ndege kule Kinshasa, mama, usijivune kama mimi. Ifungue vifungo mara moja.

Papa yako